Muscat: Kwa nini wafanyabiashara hukodi ndege nzima

Katika fikra za wengi, ndege ya kukodi ni chombo cha wafalme, wanamuziki mashuhuri na matajiri wasiotaka kupanga foleni. Nchini Oman asili ya safari hizo ni jangwa na mafuta, na hadi leo faida yake hupimwa kwa saa kuliko kwa ulaini wa viti.

Oman ni nchi ndefu. Kutoka mji mkuu Muscat, ambao wazee wa Unguja wameuzoea kwa jina la Maskati, hadi Salalah katika mkoa wa Dhofar, ni mwendo wa karibu kilomita 1,000 kwa barabara, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni jangwa tupu. Kwenda Duqm, yenye bandari na eneo maalumu la kiuchumi lililoanzishwa mwaka 2011 katika pwani ya Bahari ya Arabu, ni kilomita zipatazo 550. Mkoa wa Musandam, ulioko kwenye mlango wa bahari wa Hormuz, umetengana kabisa na sehemu nyingine za nchi. Anayekwenda huko kwa gari hupita katika ardhi ya Umoja wa Falme za Kiarabu na kuonyesha pasipoti mipakani, ingawa anatoka Oman na anakwenda Oman.

Zipo ndege za kawaida zinazoruka kwa ratiba kati ya miji hiyo. Lakini ratiba hupangwa kwa kufuata wingi wa abiria, na shughuli za mfanyabiashara mara nyingi haziko penye abiria wengi. Ndege ya kukodi huziba pengo hilo: kampuni au mtu mmoja huichukua nzima, pamoja na marubani wake, kwa siku na saa anayoitaka, kwenda mahali anapopataka mwenyewe, mradi pana uwanja wa kutua na kibali.

Jambo lenyewe si geni kwa watu wa mwambao. Wafanyabiashara waliosafiri kati ya Maskati, Lamu, Mombasa na Unguja waliweza kulipa nauli ya mahali padogo juu ya sitaha au, wakiwa na shehena ya kutosha, kulikodi jahazi zima. Hata hivyo nahodha wa jahazi, alipwe fedha nyingi namna gani, hakung'oa nanga kwenda kusini kabla upepo wa kaskazi haujaanza kuvuma.

Mafuta yalivyoleta ndege

Hadi mwaka 1973, mlango wa Muscat kwa wasafiri wa anga ulikuwa Bait al Falaj, uwanja mdogo uliokuwa katika bonde la Ruwi, umezungukwa na milima ya mawe. Kuuingia kulihitaji rubani anayeyajua vizuri majabali hayo, na haukufaa kwa ndege kubwa. Mwaka huo ulifunguliwa uwanja mpya wa Seeb, kwenye uwanda wa pwani, ambao tangu mwaka 2008 unaitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Muscat. Mahali palipokuwa na njia ya kurukia ya Bait al Falaj leo ni kitovu cha biashara cha Ruwi, penye mabenki na maofisi.

Mafuta yalikwishagunduliwa kabla ya hapo. Kisima cha Yibal kilipatikana mwaka 1962, vikafuata Natih na Fahud, na meli ya kwanza ya mafuta ghafi iliondoka mwaka 1967. Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka mwaka 1970, barabara za lami katika nchi nzima hazikuzidi kilomita 10 hivi. Kwa hiyo kampuni ya mafuta, ambayo leo inajulikana kama Petroleum Development Oman, haikuwa na hiari. Mhandisi aliyehitajika Fahud, karibu kilomita 250 kutoka Muscat kwa njia ya anga, alipaswa kuruka, na jangwani vilitengenezwa viwanja vya kampuni huko Fahud, Marmul na Qarn Alam. Hivyo mfanyakazi wa kawaida wa visimani alipanda ndege isiyouza tiketi kwa umma miaka mingi kabla tajiri wa mjini hajaifikiria. Miongoni mwa wafanyakazi hao na wakuu wao walikuwamo Waomani waliorejea kutoka Unguja na Afrika Mashariki, na Kiswahili kilisikika sana katika ofisi za mafuta za Muscat.

Afrika Mashariki nayo inaijua hadithi ya namna hiyo. Huko Nairobi, Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, wakati safari ya gari kutoka mji mmoja hadi mwingine ilitegemea mvua na matope. Uwanja wa Wilson, unaokumbuka jina lake, hadi leo ndio kituo kikuu cha ndege ndogo za kukodi katika kanda hiyo. Nchini Tanzania, migodi ya Mwadui na Geita ina viwanja vyake vya ndege kwa sababu ile ile iliyoleta uwanja wa Fahud.

Hesabu ya saa na fedha

Je, kukodi ndege kuna faida ya kweli, au ni fahari iliyovishwa kanzu ya biashara? Jibu linategemea hesabu, na hesabu hiyo si mara zote huwafurahisha wakodishaji.

Mfano wa kudhaniwa unaweza kusaidia. Kampuni moja ya Muscat inataka kupeleka watu saba Duqm kwa mkutano wa saa nne. Kwa gari, wanaondoka alfajiri, wanafika mchana, wanafanya kazi, wanalala, na kurudi siku ya pili. Hizo ni siku 14 za kazi kwa watu saba. Kwa ndege ya kukodi wanakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na siku saba zinaokolewa. Ikiwa kila mmoja wao huigharimu kampuni dola 500 kwa siku, zimeokolewa dola 3,500, pamoja na gharama ya hoteli na magari. Ndege ya jeti yenye viti saba hukodiwa kwa dola elfu kadhaa kwa kila saa ya kuruka. Kwa kipimo hiki peke yake, kukodi ni hasara, na meneja wa fedha atakayekataa hati hiyo atakuwa na haki.

Hesabu hubadilika pale ambapo kuchelewa kwenyewe ndiko kunakogharimu. Mtambo wa kuchimba visima uliosimama kwa kukosa kifaa kimoja, au fundi mmoja, huendelea kulipiwa kodi yake kila siku, na kodi hiyo huweza kufikia makumi ya maelfu ya dola. Zabuni ina saa yake ya kufungwa. Meli iliyotia nanga ikimngoja mkaguzi haingoji bure. Katika hali kama hizo bei ya ndege huwa ndogo, hata kwa abiria mmoja tu.

Ipo faida nyingine ambayo ni ngumu kuitia katika tarakimu. Wanaosafiri pamoja katika ndege yao wanaweza kuzungumza mambo ya mkataba bila ya kuchelea sikio la mpinzani aliyeketi kiti cha nyuma. Abiria huingia kwa mlango wake mbali na umati, na kufika muda mfupi kabla ya kuruka badala ya saa mbili au tatu kabla. Na ndege humngoja msafiri badala ya msafiri kuingoja ndege, ingawa, kama itakavyoonekana, si kwa muda wowote apendao.

Umuhimu wa safari hizi ulionekana kwa namna ya pekee wakati wa janga la Corona. Oman ilisimamisha safari za abiria mwishoni mwa Machi 2020, na safari za kimataifa za ratiba hazikurejea hadi tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Katika miezi hiyo, ndege zilizopata vibali maalumu ndizo zilizobaki kuwa njia ya kutoka, na makampuni na jumuiya za wafanyakazi wa Kihindi katika nchi za Ghuba walikodi ndege nzima nzima kuwarejesha watu kwao.

Kinachosahauliwa katika bei

Mkodishaji wa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni ndege tupu. Ndege nyingi za kukodi katika eneo la Ghuba huweka makao Dubai. Inapohitajika Muscat, huja bila abiria na hurudi bila abiria, na mteja ndiye anayezilipia safari hizo mbili. Juu yake huongezwa ada za kutua na kuegesha, na malazi ya marubani wakilala njiani. Kwa upande mwingine, mwenye subira anaweza kununua moja ya safari hizo tupu kwa bei nafuu sana, ikiwa njia na saa vitalingana na shughuli zake.

La pili ni aina ya ndege. Kutoka Muscat hadi Unguja ni karibu kilomita 3,900 kwa njia ya anga. Ndege ndogo za jeti zenye viti sita au saba, ambazo bei yake ndiyo huvutia, nyingi haziwezi kuruka masafa hayo bila ya kuteremka kujaza mafuta. Mteja atalazimika kuchukua ndege kubwa na ghali zaidi, ilhali Oman Air huruka kati ya Muscat na Unguja kwa ratiba. Kwa watu wawili au watatu katika njia hiyo, ni vigumu kuitetea ndege ya kukodi. Kwa viwanja vifupi vya jangwani, hali kadhalika, ndege ya pangaboi ni chaguo lililo bora na rahisi kuliko jeti, hata kama haipendezi sana katika picha.

Gharama ya hewa chafu haimo katika hati ya malipo. Ripoti ya shirika la Ulaya la Transport & Environment ya mwaka 2021 ilieleza kwamba ndege za binafsi huchafua hewa mara 5 hadi 14 zaidi kwa kila abiria zikilinganishwa na ndege za kawaida.

Hati na rubani

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za anga duniani, unaipa kila nchi haki ya kuzikatalia ndege za kigeni kubeba abiria kwa malipo kati ya miji yake ya ndani. Kwa hiyo ndege iliyosajiliwa nje inaweza kumleta mfanyabiashara Muscat, lakini haina haki ya kumchukua hadi Salalah kwa malipo pasipo idhini ya Oman. Kila anayebeba abiria kwa malipo pia hutakiwa kuwa na hati ya mwendeshaji wa usafiri wa anga, inayotolewa na mamlaka ya nchi yake. Dalali anayeuza safari si lazima awe nayo. Mwenye ndege na marubani ni lazima.

Rahisi, wasemavyo Waswahili, inavunja upishi. Mnamo Januari 2019 mchezaji kandanda wa Argentina, Emiliano Sala, alifariki dunia pamoja na rubani wake baada ya ndege ndogo iliyokuwa ikimpeleka Cardiff kutoka Nantes, Ufaransa, kuanguka baharini. Wachunguzi wa Uingereza walibaini kwamba rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo. Aliyeipanga safari hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021. Katika ajali za namna hiyo bima nayo huweza kukataa kulipa, na familia ikabaki mikono mitupu.

Lakini hata hati zikiwa kamili, mteja mwenyewe anaweza kuwa hatari. Tarehe 29 Machi 2001 ndege ya jeti ya kukodi iliondoka Los Angeles kwenda Aspen, mji wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani. Abiria walikuwa wamechelewa, na uwanja wa Aspen ulikuwa na saa ya mwisho ya kutua usiku. Giza liliingia, theluji ikaificha milima, na ndege ikaanguka karibu na uwanja. Watu wote 18 waliokuwamo walikufa. Bodi ya usalama ya Marekani iliwalaumu marubani kwa kuteremka chini ya kiwango bila ya kuiona njia ya kurukia. Hata hivyo, iliitaja pia shinikizo la mteja aliyekodi ndege, aliyetaka kufika Aspen na si mahali pengine, kuwa miongoni mwa sababu.

Hapo ndipo penye hoja yenyewe. Aliyekodi ndege amenunua ratiba. Uamuzi wa kuruka au kutoruka unabaki kwa rubani. Saa za kazi za marubani zina kikomo cha kisheria, na mkutano wa Duqm uliopangwa kwisha saa kumi jioni ukiendelea hadi saa nne usiku, ndege inaweza kubaki chini hadi kesho yake. Kampuni zenye uzoefu huandika mapema katika mkataba nani atalipia usiku huo, na ni uwanja gani utatumika ikiwa hali ya hewa itakuwa mbaya. Mwenye kwenda Khasab huko Musandam, ambako uwanja umebanwa na milima kama ulivyokuwa ule wa Bait al Falaj, hana budi pia kuhakikisha kabla ya kuondoka Muscat kwamba pasipoti yake imo mfukoni na, kwa anayehitaji viza ya Falme za Kiarabu, kwamba ameshaipata. Ndege ikishindwa kuruka, njia ya kurudi nyumbani itakuwa ni gari, na gari litapita mipakani.