Teja na Safari ya Kuacha Unga

Arosto humkumba mtumiaji wa heroini saa chache tu baada ya athari ya kete ya mwisho kuisha. Kamasi na machozi hutiririka, mifupa huuma, tumbo huharisha na usingizi hutoweka. Mateso hayo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Kama kuacha unga kungekuwa kuvumilia arosto tu, familia inayomfungia kijana wake chumbani kwa siku 10 ingemtoa akiwa amepona. Tangu heroini ilipoenea pwani ya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980, wazazi wamejaribu njia hiyo na kumwona mtoto akirudi kijiweni kabla mwezi haujaandama. Ndipo watu wakakata kauli kwamba teja habadiliki. Kauli hiyo haina ukweli, na imewaumiza wengi.

Arosto ikipita, hubaki kumbukumbu. Ubongo wa mtumiaji uliozoea heroini kwa miaka huwa umeifungamanisha na vitu vidogo vidogo: karatasi ya kete, kichochoro fulani, sauti ya mwenzake waliyekuwa wakichangiana fedha. Hata aliyekaa miezi bila kuugusa unga, akipita mahali pale mwili huanza kudai, viganja vikitoka jasho. Hilo halitokani na kukosa haya wala imani.

Nguvu ya mahali ilionekana wazi kwa askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea nyumbani Septemba 1971, na akakuta kwamba karibu mmoja kati ya 5 alikuwa mraibu alipokuwa vitani. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, takriban 5 tu katika kila 100 ya hao waraibu ndio walionaswa tena. Walikuwa wameiacha vita, na pamoja nayo kila kitu kilichowakumbusha heroini. Kijana wa Malindi au Temeke hana bahari ya kumtenga na kijiwe chake. Akifungua mlango wa nyumba yao, kipo pale pale.

Kwake yeye, dawa ya methadoni imeleta tofauti kubwa. Iliundwa Ujerumani miaka ya 1930, na katikati ya miaka ya 1960 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York wakaanza kuitumia kutibu waraibu wa heroini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Dawa hii hushika sehemu zile zile za ubongo zinazoshikwa na heroini, lakini hufanya kazi polepole na kudumu siku nzima, bila ile raha ya ghafla. Kliniki, mgonjwa hufika dirishani, huhakikiwa jina, hupokea kikombe kidogo cha dawa ya maji na kuinywa mbele ya mhudumu anayehakikisha kwamba imemezwa.

Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wangetazama jinsi siku ya teja inavyopita. Heroini hutaka kurudiwa mara kadhaa kwa siku, na kila kete ina bei yake, hivyo saa zote huliwa na kusaka fedha, kuomba au kuiba. Anayekunywa methadoni saa mbili asubuhi amemaliza. Amerudishiwa siku yake.

Lakini siku hiyo inaweza kuwa tupu. Mafundi wanaogopa kumpa vifaa, ndugu wanaficha simu akiingia, na nauli ya kliniki ya kila siku inamshinda asiye na kipato. Kibarua cha kuaminika humlinda kwa namna ambayo dawa peke yake haiwezi, maana humpa mahali pa kuwa mchana na watu wasiovuta.

Wengi huteleza njiani, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mwili uliopumzika heroini hupoteza uvumilivu wake, na kiasi cha zamani kinaweza kuzuia pumzi na kuua. Wanaotoka gerezani hufa hivyo mara nyingi. Kwa sababu hiyo kliniki nzuri haimfukuzi aliyeteleza. Aliyekosa dawa siku kadhaa hupimwa upya, kisha huanzishwa kwa kiasi kidogo kinachopandishwa taratibu, kwenye dirisha lile lile.