Pakistan na Bangladesh: Walitambuana, Madai Yakabaki

Baadhi ya ndugu zetu hutuuliza vipi nchi mbili za Waislamu, zilizokuwa dola moja mpaka 1971, zilikaa miaka bila ya ubalozi baina yao. Tunajaribu kueleza.

Pakistan ya 1947 ilikuwa na pande mbili, na India yote katikati. Dini ilikuwa moja, lakini lugha ya Kibengali, mapato na madaraka vilizusha ugomvi. Chama cha Sheikh Mujibur Rahman (hilo "Sheikh" ni jina la ukoo, si cheo cha elimu) kilishinda uchaguzi wa 1970, kisikabidhiwe serikali. Machi 1971 jeshi likashambulia Dhaka na damu nyingi ikamwagika. India ikaingia vitani, na tarehe 16 Disemba jeshi la Pakistan likasalimu amri. Watu wapatao 93,000, askari na raia, wakachukuliwa mateka India.

Pakistan ikakataa kuitambua Bangladesh, hata ikajitoa Jumuiya ya Madola kwa sababu hiyo. Bangladesh nayo ilitaka kuwashitaki mateka 195 kwa makosa ya vita. Kila mmoja alishikilia anachokitaka mwenzake.

Fundo lilifunguliwa Februari 1974, viongozi wa nchi za Kiislamu walipokutana Lahore. Mujib hakuwa tayari kwenda kwa wasiomtambua. Mawaziri wa nchi za Kiislamu wakapanda ndege kumfuata Dhaka. Tarehe 22 Zulfikar Ali Bhutto akatangaza kuitambua Bangladesh, na kesho yake Mujib alikuwa Lahore. Hiyo ndiyo kazi ya msuluhishi: kila mmoja apate njia ya kusogea bila ya kuaibika. Aprili, Bangladesh ikaachilia mashitaka yale.

Lakini kutambuana ni jambo moja, na kulipana haki ni jingine. Bhutto alipozuru Dhaka Juni 1974, wenyeji walidai fungu lao katika mali ya dola ya zamani, na wakataka Pakistan iwachukue wazungumzaji wa Kiurdu waliobaki Bangladesh. Hawakuafikiana. Uhusiano kamili wa kibalozi ulikuja 1976, Mujib akiwa ameshauawa. Mwaka 2002 Pervez Musharraf alieleza masikitiko yake huko Dhaka. Wengi wa Bangladesh walitaka aombe radhi waziwazi.

Wale wa Kiurdu walibaki kambini miaka mingi. Mwaka 2008 mahkama ya Dhaka iliamua kuwa waliokuwa watoto wakati wa vita, na waliozaliwa baadaye, ni raia wa Bangladesh.