Kapombe na mabao yasiyofungwa

Agosti 6, 2025, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, Mauritania ilikuwa imeibana Taifa Stars hadi dakika za lala salama, ndipo beki wa kulia Shomari Kapombe akapanda na kufunga bao pekee la mchezo. Siku nne kabla, dhidi ya Burkina Faso, beki wa kushoto Mohamed Hussein, yule mashabiki wanayemwita Tshabalala, naye alikuwa amefunga. Michuano ya CHAN ikawapa mabeki wetu wa pembeni sifa wasizozizoea. Lakini tazama walisifiwa kwa lipi: kwa kufunga. Kwamba katika mechi nne za makundi Tanzania iliruhusu bao moja tu, lile la Madagascar, ni jambo lililopita kimyakimya. Ilikuwa hivyohivyo Machi 24, 2019, tulipoifunga Uganda 3-0 uwanjani hapohapo na kurudi AFCON baada ya miaka 39. Wengi wanakumbuka penalti ya Erasto Nyoni na kichwa cha Aggrey Morris. Ile sifuri ya Uganda, iliyotafutwa kwa dakika tisini, nani anaisimulia?

Hesabu zetu zina kasoro hapo. Mshambuliaji tunampima kwa mabao na kwa kuuzwa nje, kisha mizani ileile tunamwekea beki, na bila shaka anaonekana mwepesi. Kapombe ni mfano mzuri, maana kwa mizani hiyo maisha yake ya soka yaliishia mwaka 2014. Alizaliwa Morogoro mwaka 1992, akachezea Polisi Morogoro, akasajiliwa Simba 2011, na 2013 akaenda Cannes, klabu ya Ufaransa ambako Zinedine Zidane alianzia soka la kulipwa, ingawa wakati huo ilikuwa imeporomoka hadi madaraja ya chini. Hakukaa. Mwaka uliofuata alikuwa Azam, na wapo waliokwisha kumwandika kuwa kijana aliyeshindwa Ulaya. Mimi nasema beki apimwe kwa mambo mawili: hatari alizozima kabla hazijaitwa hatari, na miaka ambayo makocha mbalimbali, wenye fikra zinazopingana, wameendelea kumpanga. Kwa kipimo hicho, kilichofuata baada ya Cannes ndicho kiini chenyewe cha kazi yake.

Mwaka 2015 Azam, klabu ya Chamazi huko Temeke kusini, ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Gor Mahia 2-0 kwenye fainali, tena bila kuruhusu bao hata moja tangu mechi ya kwanza. Kapombe alikuwa kwenye kikosi hicho. Alirudi Simba 2017, akaumia vibaya mwishoni mwa 2018 akiwa kambini na Taifa Stars, akapona, akarudi kwenye nafasi yake. Msimu wa 2020/21 Simba iliongoza kundi lake la Ligi ya Mabingwa Afrika, mbele ya Al Ahly, AS Vita na Al Merrikh, ikiruhusu mabao mawili katika mechi sita. Kazi ya namba mbili katika mechi za namna hiyo haina picha nzuri ya kuweka gazetini. Winga anapopokea mpira, beki hamvamii. Anasimama kiubavu, mguu mmoja nyuma, anamwachia njia ya mstari wa pembeni na kumfungia ile ya ndani, anamchelewesha sekunde mbili ili kiungo arudi. Winga akiona hivyo anarudisha mpira nyuma. Hakuna kilichotokea, na ndiyo maana hakuna aliyepiga makofi.

Kuna watakaosema hizo ni sifa za timu nzima, au za kipa. Ni kweli kiasi, na takwimu zetu hazitenganishi mchango wa kila mmoja. Lakini mbona lawama tunazitenganisha bila taabu? Mei 2021 ukuta uleule wa Simba ulifungwa manne na Kaizer Chiefs kule Soweto, na mabeki wakachambuliwa mmojammoja. Wiki moja baadaye Simba ilishinda 3-0 kwa Mkapa, ikatolewa kwa bao moja, na kwa wengi usiku wa Soweto ukafuta mechi sita za makundi. Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Sergei Ignashevich, beki wa kati aliyeichezea Urusi mechi 127 na ambaye hakuwahi kucheza klabu nje ya nchi yake, alikuwa na miaka 38 kwenye Kombe la Dunia la 2018. Dhidi ya Hispania alijifunga kwa kisigino mapema tu, akaendelea kukaba kwa dakika 120 zote, kisha akafunga penalti yake kwenye mikwaju. Kinachokumbukwa ni kosa lake na mguu wa kipa Akinfeev uliookoa penalti ya mwisho. Kilichokuwa katikati, yaani kazi yenyewe, kimesahaulika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kubaki nyumbani kunadumaza, na Novatus Miroshi ndiye ushahidi. Kijana huyu alitoka Azam, akapita Israel na Ubelgiji, na 2023 akiwa Shakhtar Donetsk akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Sibishi, kijana anayepata nafasi hiyo aende, tena mapema. Ila hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama ligi yetu ingekuwa mahali pa kupumzikia. Simba na Yanga zimekuwa zikisajili mabeki kutoka Kenya, Kongo, Cameroon na Ivory Coast; Joash Onyango, Pascal Wawa, Henock Inonga na Djuma Shaban wote wamepita hapa. Mzawa anayelinda namba yake miaka yote hiyo hakai kwa kuhurumiwa. Na Ulaya nayo haimpi beki kinga. Januari 2024, kule San-Pédro, Miroshi alitolewa kwa kadi nyekundu Tanzania ikifungwa 3-0 na Morocco. Kumpima kwa jioni ile ingekuwa dhuluma ileile anayofanyiwa Kapombe kwa safari yake ya Cannes, na kocha wa Taifa Stars, kwa bahati nzuri, hakumpima hivyo: aliendelea kumwita.