Kalenda ya wastaafu ianzie kliniki, si mialiko

KWA miaka thelathini au zaidi, mwalimu au karani wa serikali huishi kwa kalenda iliyopangwa na mwajiri. Anajua ni lini shule zitafungwa, ni lini mshahara utaingia na ni lini atapata likizo. Siku anapotimiza umri wa kustaafu, ambao kwa watumishi wengi wa umma nchini Kenya ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mnamo 2009, kalenda hiyo huondoka pamoja na kazi.

Wengi hudhani kinachobaki ni mwaka mtupu wa kupumzika. Hata hivyo, pengo hilo halikai kwa muda kabla ya kuzibwa na watu wengine. Karo ya mjukuu, harusi ya mpwa, matanga kwa jirani, kamati ya kanisa na harambee ya kila aina. Kila mwenye shughuli ana hakika kwamba mstaafu hana la kufanya. Mume na mke wakizinduka, Desemba imefika, kiinua mgongo kimepungua na kadi ya kliniki haijaandikwa kitu tangu Aprili.

Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, japo ndilo lisilozungumzwa sana. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu. Kwa watu wa umri wa kustaafu hatari huwa kubwa zaidi, nao ugonjwa huu hauumi. Mtu huacha dawa wiki mbili, akajiona mzima, akaendelea na safari zake hadi siku anapopooza upande mmoja.

Tuchukue mfano wa mume na mke waliokuwa walimu katika Kaunti ya Bungoma. Mume ana kisukari, mke ana shinikizo la damu. Mwana wao anafanya kazi Nairobi na binti yao ameolewa Mombasa. Mwaka wao unaweza kupangwaje?

Hatua ya kwanza huchukuliwa Januari, mwezi ambao kila mtu huwa anafikiria karo. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua mahali pa NHIF, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mstaafu hana tena mwajiri wa kumkata. Jamaa isiyo na mshahara hukadiriwa mapato yake kwa maswali kuhusu hali ya maisha, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, nao haupungui Sh300 kwa mwezi. Mchango huo humhudumia mchangiaji pamoja na mkewe au mumewe. Anayesahau kulipa hugundua kosa lake akiwa tayari kwenye mlango wa wodi, na hapo ndipo ng'ombe huuzwa kwa bei ya kutupa.

Nafuu moja ni kwamba tangu Desemba 27, 2024, pensheni ya aliyefikisha umri wa kustaafu haitozwi kodi ya mapato. Familia iliyokuwa ikikatwa kodi ingefaa kuelekeza kiasi hicho kwenye mchango wa bima na dawa kabla ya watoto kupata habari zake.

Baada ya bima, mume na mke waketi na kadi zao mbili za kliniki. Hili huonekana dogo, lakini ni katika nyumba chache mno ambamo mke anajua majina ya dawa za mumewe. Anachojua ni kwamba mzee humeza vidonge viwili asubuhi na kimoja usiku. Mzee akizirai kwenye kituo cha mabasi, maelezo hayo hayamsaidii daktari hata kidogo. Majina ya dawa na vipimo vyake yaandikwe kwenye karatasi mbili, kila mmoja abebe ya mwenzake pamoja na yake. Tarehe za kliniki za wote wawili ziingizwe kwenye kalenda ukutani, na ikiwezekana waombe wapangiwe siku moja ili nauli isiwe mara mbili. Mialiko ndiyo izunguke tarehe hizo.

Jikoni nako pana kazi, maana ni muhali kupika vyungu viwili kwa watu wawili. Kwa bahati nzuri, chakula kinachomfaa mwenye kisukari humfaa pia mwenye presha. Mboga za kienyeji kama mrenda, kunde na mnavu, samaki, maharagwe na kuku wa kuchemsha vyote vimo katika uwezo wa nyumba ya Bungoma. Penye utata ni ugali. Watu wengi wamesadiki kwamba ugali wa wimbi na mtama hauna madhara, hivyo hukata bonge mara mbili ya walivyokuwa wakila wa mahindi. Wimbi una nyuzinyuzi zaidi, hilo ni kweli, lakini bado ni wanga na hupandisha sukari. Ukubwa wa bonge ndio wa kuangaliwa kwanza.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi gramu tano kwa mtu mzima kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya dukani. Wapo wanaoacha kuongeza chumvi mezani lakini wakaendelea kutia magadi mengi kwenye mboga na maharagwe yaive upesi. Magadi pia yana sodiamu, ile ile inayofanya chumvi iwe mbaya kwa mwenye presha.

Sasa tuje kwenye safari ya Mombasa. Binti amejifungua na wazazi wanataka kumwona mjukuu. Wakienda lini? Agosti huonekana mwezi mwafaka kwa kuwa shule zimefungwa, lakini kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka wa nambari shufwa, kama 2024 na 2026, ni msimu wa tohara. Babu hawezi kuwa ufuoni ilhali mjukuu wake mwingine anapashwa tohara nyumbani, wala mjomba anayetarajiwa kumchinjia kijana fahali hawezi kukosekana. Aprili basi ndiyo bora katika mwaka kama huo, mradi wapite siku za Pasaka ambapo nauli hupanda. Mvua za masika huanza Pwani wakati huo, lakini vyumba vya kulala hupatikana kwa bei nafuu.

Vyumba vya kulala vimetajwa kwa sababu. Katika jamii nyingi za Magharibi, mama hahesabiwi kuwa na adabu akilala katika nyumba ya mkwe wake. Vijana wa leo wanaweza kusema mila hiyo imepitwa na wakati, lakini mama mwenye umri wa miaka 62 atakosa usingizi usiku kucha, na kukosa usingizi hakumsaidii mwenye presha. Ni heri gharama ya chumba cha kukodi au malazi kwa jamaa mwingine ihesabiwe mapema kuliko kumlazimisha au kumwacha nyumbani.

Kutoka Bungoma hadi Nairobi ni safari ya basi ya takriban siku nzima, na hapa ndipo dawa huharibikiwa. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kupunguza maji mwilini, hivyo anayezimeza hukojoa mara kwa mara. Kwa kuogopa kumsumbua dereva, kina mama wengi huziacha siku ya safari na siku ya kurudi, wengine hata kunywa maji huacha. Hakuna haja ya kujitesa hivyo. Muulize daktari kabla ya safari kama dawa hiyo inaweza kumezwa mkifika badala ya alfajiri, na mchague basi linalosimama mahali penye choo. Wakati wa kusimama, wote wawili washuke watembee, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Kwa mume hatari ni ya namna nyingine. Aliyejidunga insulini au kumeza vidonge fulani vya kisukari kisha akakosa kula kwa sababu basi limechelewa, sukari yake huweza kushuka chini ya 4 kwenye kipimo. Hutetemeka, hutoka jasho, husema maneno yasiyoeleweka, na abiria wengine hudhani amelewa. Mke anapaswa kuzijua dalili hizi kuliko mtu mwingine yeyote. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amezirai asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi kati ya 2 na 8. Inayotumiwa aghalabu huweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, mradi isipate joto kali. Maelezo ya pakiti ndiyo ya kufuatwa. Mahali pake safarini ni mkoba wa mkononi. Buti ya basi huchemka kama tanuri.

Baada ya kulala kwa mwana wao Nairobi usiku mmoja, au miwili wakichoka, wasafiri wetu wanaweza kupanda treni ya SGR kutoka Syokimau. Nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024. Kwa wazee, nyongeza hiyo bado ina faida: ndani mna vyoo, mtu husimama atakapo, na huduma hii iliyoanza 2017 huwafikisha Miritini kwa saa tano au sita.

Huko watakaribishwa kwa mahamri, mbaazi za nazi, pilau na chai tamu. Kukataa ukarimu wa wakwe ni aibu, na kula kila kitu kwa siku kumi mfululizo ni hatari. Binti awaeleze watu wa kwake mapema, wazazi wasije wakajitetea mezani. Babu aonje hamri moja, asigeuze kuonja kuwa kifungua kinywa. Joto la Pwani pia hutoa jasho jingi, kwa hivyo wanywe maji hata kabla ya kiu.

Miezi inayofuata ni ya shamba na haihitaji maneno mengi. Kulima, kupalilia na kuvuna mahindi ni mazoezi tosha kwa aliye na nguvu. Asiye na shamba atembee. Dakika 150 kwa wiki ndicho kiwango kinachopendekezwa.

Desemba hurudisha kila mtu nyumbani. Watoto huja na kreti za soda, mbuzi huchinjwa, chapati hupikwa kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya, nazo kliniki nyingi hupunguza huduma katika wiki hizo. Dawa za kutosha hadi katikati ya Januari zichukuliwe mwanzoni mwa mwezi. Jioni moja kabla watoto hawajarudi mijini, kalenda mpya iletwe mezani ikiwa tayari imetiwa alama, ili anayenuia kupanga harusi au ruracio ajue mapema kwamba Alhamisi ya pili ya kila mwezi babu na nyanya hawapatikani.