Namba kumi wa Bariadi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mpenda kabumbu hulifanya, na wengi wetu hulifanya vibaya. Nalo ni kumtazama kijana akicheza, kisha kutoa hukumu kwamba huyu atafika, au huyu hafiki popote.

Nilikuwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwa shughuli zangu nyingine. Jioni moja mwenyeji wangu akanichukua kwenda kutazama vijana wa mitaa miwili wakimenyana. Alikuwa na sababu yake. Mpwa wake, mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye umri wa miaka 17, huvaa jezi namba kumi. Kuna mtu amemwambia baba wa kijana kwamba akitoa gharama za safari, mtoto atapelekwa nje ya nchi, atafanyiwa majaribio na kutiwa saini mara moja. Gharama zenyewe ni sawa na ng'ombe watatu, na masomo yangekatizwa. Baba alikuwa amekwisha kuwachagua ng'ombe wa kuuza.

"Wewe mpira unaujua," mwenyeji wangu aliniambia njiani. "Mtazame mtoto, kisha umwambie shemeji ukweli."

Haikupita muda kijana akampitisha beki mpira katikati ya miguu. Tobo! Uwanja ukalipuka, na baba akanigeukia akitabasamu. Mimi nikatoa daftari langu. Nina desturi ya kuchora safu tatu: ya kwanza, mchezaji anafanya nini kabla mpira haujamfikia, ya pili, anafanya nini akiwa nao mguuni, na ya tatu, anafanya nini akishaupoteza. Watazamaji hushangilia safu ya pili tu. Lakini kwa kiungo mchezeshaji, riziki yake imo katika ya kwanza na ya tatu.

Kwa nini? Kwa sababu namba kumi ni mtu wa kuamua. Wamarekani katika mpira wao wa kushika mikononi wanaye mchezaji anayefanana naye, wanamwita kotabeki. Mipango karibu yote ya kushambulia huanzia kwake, naye ana sekunde chache tu za kuchagua ampe nani mpira kabla hajaangushwa. Mwaka 2000 timu za Marekani zilipokuwa zikichagua vijana kutoka vyuoni, kotabeki mmoja aitwaye Tom Brady aliachwa hadi nafasi ya 199. Walimwona mwembamba na mzito wa mbio, na kweli alikuwa hivyo. Baadaye alitwaa ubingwa wa ligi ile mara saba. Waliokuwa wakimpima walipima miguu, hawakuwa na kipimo cha kuona anavyousoma mchezo.

Tumrudie kijana wetu. Katika safu ya pili nilimpa alama nyingi, na bila upendeleo. Uwanja ule ni mkavu na una mashimo, mpira unadunda upendavyo, lakini yeye aliutuliza kwa mguso mmoja kana kwamba yuko kwenye nyasi. Mguu wake wa kushoto unapiga pasi ndefu inayotua mbele ya winga, si nyuma yake. Hicho ni kipaji. Anayekibisha ana wivu.

Safu ya kwanza ikanitia wasiwasi. Mara nyingi alipokea mpira bila kugeuza shingo kutazama nyuma yake. Alikuwa akiutazama mpira tu mpaka umfikie, ndipo aanze kutafuta wenzake. Mtaalamu mmoja wa Norway, Profesa Geir Jordet, alichunguza kanda za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza akaona kwamba wale wanaochungulia pande zote mara nyingi kabla ya kupokea mpira ndio ambao pasi zao hufika zaidi. Mtaani kijana wetu anapata nafasi ya kupokea, kufikiri, kisha kucheza. Katika Ligi Kuu nafasi hiyo haipo. Beki atakuwa amekwisha kufika.

Katika safu ya tatu ndipo nilipoikunja kalamu. Akinyang'anywa mpira husimama, hushika kiuno, humlaumu mwenzake. Wakati huo wapinzani wanakwenda golini, watu kumi dhidi ya kumi na mmoja.

Sasa, msikilizaji, kuorodhesha kasoro ni kazi rahisi, hata mlevi pembeni mwa uwanja anaiweza. Kazi ngumu ni kuzipanga. Kuna kasoro za mazoezi, kama mguu wa kulia usiopiga pasi, au pumzi inayokwisha kipindi cha pili. Hizo hutibiwa kwa muda na chakula. Kuna kasoro za mafunzo, kama hiyo ya kutogeuza shingo. Hutibika pia, lakini lazima awepo kocha wa kumkumbusha kila siku, na mapema. Na kuna kasoro za tabia, kama kushika kiuno. Hiyo inamtegemea mwenyewe.

Ipo pia kasoro isiyo kasoro, yaani mchezaji aliyewekwa mahali pasipo pake. Feisal Salum alipotoka Zanzibar na kujiunga na Yanga mwaka 2018, miaka yake ya mwanzo alichezeshwa zaidi katikati na nyuma. Baadaye alisogezwa mbele, na msimu wa 2023/24 akiwa na Azam akafunga mabao 19 katika Ligi Kuu. Aliyempima kwa mabao alipokuwa akicheza nyuma angekosea hesabu.

Na kuna sifa isiyo sifa. Baadhi ya vijana waliomkaba mpwa wetu walikuwa wadogo kwake kwa kimo na kifua. Mtoto aliyewahi kukua huonekana bingwa akiwa na miaka 15 au 17. Wenzake wakishamfikia kwa nguvu, ubingwa unayeyuka. Kwa hiyo usimpime kijana kwa watoto anaowashinda. Mpime kwa wakubwa wanaomsumbua.

Mechi ilipokwisha tulikaa chini ya mti, baba, mjomba na mimi. Nikamwambia baba, "Mzee, mtoto ana mpira, lakini hajaiva, na haivi kwa ng'ombe watatu." Nikamweleza kwamba sheria za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayeahidi kumtia saini nje mtoto wa miaka 17 mara moja, ama haijui sheria, ama anaijua vizuri sana. Tena, tangu Oktoba 2023 wakala wa wachezaji anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, inayotolewa kwa mtihani. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hujamwonyesha ng'ombe.

Nikamkumbusha Mbwana Samatta. TP Mazembe ya Lubumbashi ilimchukua kutoka Simba mwaka 2011. Alikaa kule karibu miaka mitano, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, ndipo Genk ya Ubelgiji ikamwita Januari 2016, akiwa na miaka 23. Hakuruka ngazi. Kijana huyu naye amalize kidato cha nne, ajiunge na timu yenye kocha na ligi ya kueleweka hapa hapa mkoani au Mwanza, acheze na watu wazima miaka miwili. Hapo atajulikana.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, kwa upole, "Na wewe, mtangazaji, hujawahi kukosea?"

Nimewahi. Miaka iliyopita nilimsifu hewani kijana mmoja kwa sababu ya chenga zake. Nilimwita lulu ya taifa. Watu wakanisikia, kijana naye akanisikia, akaacha shule. Leo hachezi mpira popote. Sikuwa nimetazama safu ya kwanza wala ya tatu. Wakati ule hata daftari sikuwa nalo. Nilimweleza mzee yote hayo.

Akainuka, akanipa mkono, akasema atafikiri. Sijui ameamua nini, na si kazi yangu kumwamulia. Lakini wakati tunaondoka niliona kijana amebaki uwanjani peke yake, anaupiga mpira ukutani kwa mguu wa kulia. Kumbe alikuwa akitusikia.