Kiini cha atomu kinavyofichua siri ya sumaku

KUTAMBUA kama kitu kina usumaku ni rahisi. Kujua ni atomu zipi zinazouleta ndiyo kazi.

Mnamo 1958, mwanafizikia Mjerumani Rudolf Mössbauer aligundua kuwa kiini cha atomu iliyoshikika imara ndani ya fuwele kinaweza kutoa au kufyonza mwali wa gama bila kusukumwa nyuma kama bunduki ifyatuapo risasi. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1961.

Katika vipimo, chanzo cha miali husogezwa mbele na nyuma polepole hadi kiini kingine kiifyonze. Atomu ikiwa haina usumaku wala msukosuko mwingine, huonekana mstari mmoja tu. Ikiwa na usumaku, mstari hugawanyika, na nafasi baina ya vipande huonyesha nguvu zake.

Mbinu hii hutumiwa kwa lanthanidi, mfano yuropiamu na disprosiamu. Katika kundi la aktinidi huifaa hasa neptuniamu, ambayo miali yake hutokana na ameriki-241.

Oksidi ya neptuniamu iliwatatiza wataalamu kwa miongo kadhaa. Inapopozwa hadi takriban nyuzi 248 chini ya sufuri, hali yake hubadilika ghafla kana kwamba imegeuka sumaku. Hata hivyo, vipimo vya Mössbauer havikupata usumaku wa kawaida.

Utafiti wa eksirei uliochapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha sababu: elektroni zake hujipanga, lakini kwa mpangilio changamano usio na ncha mbili za sumaku. Kiini hakikukosea.