Fahamu: Kazi iliyobaki Kabambare baada ya silaha kuwekwa chini

Julai 2021 Rais Tshisekedi wa Kongo (DRC) aliunda P-DDRCS, mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani. Kabambare, mkoani Maniema, unawagusa wanamgambo wa Mai-Mai Malaika wa upande wa Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya. Hauwaingizi jeshini kwa mkumbo kama zamani. Unawarudisha vijijini, na jamii inayowapokea nayo isaidiwe. Ni haki: jirani aliyeporwa atamwonaje mporaji akipewa cherehani?

Anayewafunza wapiganaji hao useremala au ushonaji ajue pia kumtambua aliyezama katika bangi na lutuku, pombe kali ya kienyeji. Mlevi wa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Aanzie kwa muuguzi. Kisha kuna kishawishi cha machimbo: huko kijana huweza kushika pesa siku hiyohiyo, mwanafunzi wa ufundi husubiri miezi.